Nywele za Matanga

Nisianze kwa uongo: yule mwalimu sikumsamehe. Hadi leo nikimwona sokoni akichagua nyanya, moyo wangu hukaa mkao wa vita kwanza, kisha ndiyo unatulia.

Chanzo ni tangazo. Shule ya msingi anakosoma binti yangu ina kundi la WhatsApp la wazazi, na mwalimu huyo, msichana wa watu wa juu milimani, wa Mbuji, ndiye aliyepewa kazi ya kututumia habari. Alikuwa na mkono mwepesi. Asubuhi, kabla hujageuza usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwenye chanja, simu inalia. Wazazi mnakumbushwa ufagio wa chelewa. Wazazi mnakumbushwa mahindi ya uji, mnakumbushwa chanjo, mnakumbushwa kwamba sweta ni ya bluu na mtoto asije na ya kijani. Mengine aliyaandika kwa herufi kubwa, utadhani sisi tuko ng'ambo ya ziwa, Malawi, hatusikii. Wakati huo mume wangu alikuwa hai, na tulikuwa tukisoma pamoja na kucheka.

Kisha mume wangu akaugua, akafariki watoto wakiwa likizo. Tulimzika kwao Kingerikiti. Katika ukoo wake, mtu akifariki, mjane na watoto hawashiki wembe mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo dada wa marehemu huwanyoa wote kwenye mkeka mmoja, na nywele hufukiwa pamoja nyuma ya nyumba. Hapo ndipo msiba unafungwa. Kabla ya hapo nywele ulizo nazo kichwani ni za marehemu, wewe umezitunza tu.

Binti yangu alikuwa darasa la nne, mtoto wa baba hasa, na jambo hilo alilibeba kama amana. Alikuwa akilala mkono uko kichwani. Siku moja aliniambia, "Mama, hizi baba alizishika." Na kweli alizishika, hospitalini, wiki ya mwisho, wakati mkono wake ulikuwa hauwezi tena hata kushika kikombe.

Shule ilipokaribia kufunguliwa, tangazo likaja: kila mwanafunzi awe amenyoa, hakuna udhuru. Nikaandika chini yake kwa adabu zote nilizofundishwa. Nikamsalimu mwalimu, nikamweleza kwamba mtoto amefiwa na baba yake, kwamba shangazi yake atamnyoa siku ya kumaliza matanga, na kwamba siku hiyo haiko mbali, watuvumilie. Jibu lilikuja mbele ya wazazi wote: "Shule haina msiba."

Nikajipa moyo kwamba ni ukali wa simu tu. Watu huandika kwenye simu wasiyoweza kumwambia mtu uso kwa uso. Jumatatu nikamvika mtoto sare, nikamfunga kitambaa cheusi kichwani, akaenda.

Alirudi kabla ya saa ya uji, kitambaa kikiwa mkononi. Katikati ya kichwa, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, palikuwa pamepitishwa barabara. Mwalimu alimwita mbele mstarini, akampitishia mkasi, kama wanavyowafanyia watoto wakaidi ili mzazi akamalizie nyumbani. Zile nywele zilianguka uwanjani. Mtoto alikuwa ameokota alizoweza, akazifunga ndani ya kitambaa. Hakulia. Aliniuliza tu kama baba atajua.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilitoka na kisu cha samaki, nikaishika njia ya shule, na sikuwa natania. Nilipofika darajani nikajiuliza, nikifungwa, huyu mtoto atabaki na nani? Nikarudi. Hasira sikuiacha pale darajani, nilirudi nayo nyumbani nikaitunza vizuri.

Kwanza nilijilipa kidogo kidogo. Usipa unaoanikwa kwenye chanja ni msafi, lakini ule unaoanikwa chini una mchanga hata uuoshe vipi. Mwalimu alipomtuma jirani yake kuja kumnunulia, nilimpimia wa chini, nikamfunikia juu kwa wa chanja. Usiku ule nilimwaza akitafuna mchanga, nikalala usingizi mzuri.

Lakini mchanga haukumrudisha binti yangu shuleni. Kila asubuhi alivaa sare, akakaa kizingitini, kisha akaivua. Alisema hawezi kusimama mstarini peke yake na kichwa kile. Nikimwambia basi tukimalizie kukinyoa, anakishika kwa mikono miwili na kusema zilizobaki ni za shangazi kuzitoa. Nilianza kuogopa kwamba shule ndiyo imekwisha hivyo, na kwamba baba yake, aliyekuwa akimkagulia madaftari kila jioni, amekufa mara ya pili.

Nikampigia wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, yule ambaye ndiye angetunyoa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi," akasema, "huyo aliyeanza kunyoa nywele za matanga ameingia mkekani. Siku ikifika, aje anyolewe na wafiwa wenzake. La sivyo msiba wetu haufungiki."

"Hata kama si ndugu yetu?"

"Yeye aliuliza undugu aliposhika mkasi?"

Ile ndiyo ilikuwa furaha yangu ya kwanza tangu mazishi. Nilijua jambo ambalo wazazi wote walilijua, maana mwalimu mwenyewe alilitangaza kundini: sherehe yake ya kuagwa, kabla ya harusi, ilikuwa mwezi uleule, hapa kwetu ufukweni, na msusi wa Mbinga mjini alikuwa ameshatafutwa kwa ajili ya zile nywele zake ndefu zilizogusa mabega. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Nikaandika kundini kwa mtindo wake mwenyewe, herufi kubwa na kila kitu. TANGAZO. MWALIMU ANAKUMBUSHWA KUFIKA KINGERIKITI, NYUMBANI KWA MAREHEMU, JUMAMOSI YA KUMALIZA MATANGA, ANYOLEWE PAMOJA NA WAFIWA, KWA KUWA YEYE NDIYE ALIYEANZA. HAKUNA UDHURU.

Mwalimu mkuu alilifuta upesi, akaandika kwamba kundi ni la mambo ya shule tu. Lakini watu walikuwa wameshasoma, na habari ikapanda milima mpaka Mbuji, mpaka jikoni kwa mama yake mwalimu. Aliyeko juu mngoje chini. Mimi nilianika usipa wangu nikangoja.

Jumamosi hiyo mchungaji alikuwa amemaliza sala, tunatandika mkeka, pikipiki zikaingia uani. Ya kwanza ilimbeba mama mtu mzima mwenye gunia dogo la maharage na kuku. Ya pili ilimbeba mwalimu, kichwa kimefungwa kilemba.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Nimekuletea huyu. Hata kwetu juu jambo hili lipo, nami nimemwambia siwezi kumwoza mtoto mwenye matanga ya watu kichwani."

Mwalimu alipiga magoti mbele yangu. "Mama, nisamehe. Nilidhani ni visingizio. Wazazi wanatuletea visingizio vingi."

Sikumjibu. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga, lakini niliona kunyamaza kutamuumiza zaidi.

Nikanyolewa mimi kwanza. Akafuata binti yangu, na zile za kwenye kitambaa zikawekwa pamoja na zilizotoka. Kisha mwalimu akakaa mkekani akafungua kilemba. Nywele zilikuwa nzuri, sitazisema vibaya. Wifi akazishika kwa mkono mmoja, wembe ukiwa mkono wa pili, akatangaza ili kila mtu asikie.

"Kwa mgeni kuna njia mbili. Naweza kukata kidogo tu hapa kisogoni, iwe ishara, na msiba umefungwa. Au nitoe zote. Mwenye kusema ni mjane."

Ua mzima ukanigeukia. Mchungaji alinitazama kwa macho ya mahubiri. Mama wa mwalimu alifumbata mikono kifuani. Wote walikuwa wakinisubiri niwe mwanamke mwema, na nilijua kabisa neno wanalolitaka. Nikauona ule mkono wa hospitalini. Nikamwona mtoto wangu ameinama uwanjani anaokota, na wenzake wote wanamtazama.

"Zote," nikasema.

Wifi akazitoa zote. Mwalimu alilia bila sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Wembe ulipofika mwisho, binti yangu akamsogelea pale mkekani.

"Mwalimu, Jumatatu utakuwepo mstarini?"

"Nitakuwepo."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Jumatatu binti yangu alivaa sare, hakukaa kizingitini, akaenda, na tangu hapo hajakosa siku. Wazazi wenzangu wananisifu kwa hilo. Wanasema nilitumia akili, kwamba nilijua mtoto anahitaji mtu wa kusimama naye mstarini na kichwa kama chake. Mchungaji alilitia hata kwenye mahubiri, mimi nikiwa nimekaa benchi la pili.

Si kweli. Niliposema zote, mtoto sikumkumbuka hata kidogo. Nilitaka siku ya kuagwa kwa mwalimu upepo wa ziwa umpige kichwani mbele ya wakwe zake, na ulimpiga. Nilialikwa, nikaenda, nikakaa mbele kabisa, nikatazama mpaka mwisho.