Koti la Orrin na Ndege wa Kwanza

Orrin Haugland hajawahi kushindwa na majira ya kuchipua. Kwa miaka kumi na mmoja mfululizo, gazeti letu dogo la Alhamisi limeweka jina lake ukurasa wa kwanza, kutangulia habari za vifo na bei za ng'ombe, kwamba ndiye aliyemsikia kipozamataza wa kwanza, yule ndege wa kifua cha manjano anayerudi kutoka kusini na kuimba juu ya nguzo za uzio. Hapa mashariki ya Montana mtu anaweza kusahau siku aliyooa. Siku ya ndege huyo haisahau.

Heshima hiyo ina sharti. Anayemtangaza ndege hulitundika koti lake la baridi kwenye msumari ghalani, na halishuki mpaka theluji irudi mwishoni mwa mwaka. Ukitangaza kisha ukaonekana umelivaa, umejiita mwongo kwa mdomo wako mwenyewe.

Mwaka huu Orrin alikuwa na haraka. Jirani yake Lyle Petrik alikuwa amestaafu kazi ya posta na kununua darubini ya kutazamia ndege, na mkahawani watu walishaanza kunong'ona kwamba masikio ya miaka sabini na mbili yamechoka. Kwa hiyo siku ya nne ya Machi, akitoka kulisha ng'ombe, aliposikia ule wimbo ukiteremka kutoka paa la ghala, hakuinua hata kichwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye simu kumpigia mhariri, kisha akatundika koti.

Aliyeinua kichwa ni mkewe, Alma. Juu ya paa alikuwa kwezi, ndege mweusi asiyehama, aliyekuwa akila nafaka yao tangu Novemba na kuiga kila sauti ya pale uani.

"Mzee, yule ni kwezi."

"Kwezi hawezi kuimba hivyo."

"Sasa hivi katoka kulia kama paka wetu."

Orrin akajibu kwamba huenda alikuwa paka.

Gazeti likatoka. Jumamosi tufani ya theluji ikashuka kutoka Kanada, na ng'ombe, kama ilivyo desturi yao, wakaichagua siku hiyo kuzaa. Orrin akawa anawaburuta ndama kwa sleji, ubao wa kuteleza thelujini, hadi kwenye jiko, yeye mwenyewe ana shati tu. Alma aliwavalisha wale ndama vikoti vyao vya sufu na vifuniko vya masikio, kama tufanyavyo sote huku, hata ikawa ranchi nzima asiye na koti ni mwenye ranchi.

Lyle akapita na gari lake, akateremsha kioo kidogo.

"Vipi jirani, joto halijakuzidi?"

"Jasho kidogo tu," Orrin akasema, meno yakigongana.

Siku ya tatu midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alma akamwambia avae koti lake, naye Alma atasema ndiye aliyemlazimisha. Orrin akakataa.

"Basi nitakuzika nalo," Alma akasema.

Hapo mzee akafikiri. Akamvua ndama mmoja aliyekwisha kukauka manyoya, akajifunga kile kikoti kifuani. Kilimfika mbavuni. Sharti, alieleza, lilihusu koti la mtu.

Bado alilala kitandani wiki mbili kwa kikohozi, na kikoti hakutaka kukivua. Asubuhi moja Lyle akaja na mchuzi wa kuku na darubini shingoni. Alipokuwa akiweka bakuli mezani, kipozamataza akatua kwenye nguzo mbele ya dirisha, manjano kama kiini cha yai, akaimba mpaka mwisho.

Lyle alimtazama ndege, akamtazama mgonjwa aliyevaa nguo ya ndama. Alma akaendelea kukunja shuka.

Orrin akakohoa, akavuta kikoti chake.

"Huyo," akasema, "ni wa pili."