Mashetani wa Kinanda

Wanawake walikuwa katikati ya harusi mjini Garissa, kinanda cha umeme cha Ilwad kikaanza kukwaruza. Shangazi yake Saynab, asiyependa muziki, akapata la kusema.

"Hayo ni mashetani! Zima hicho kitu."

Mashetani gani! Ilwad alifungua kichwa cha waya wa spika, akakuta uzi mmoja wa shaba umeachia. Bila kuomba ruhusa akatumbukiza msumari katika makaa ya chetezo cha ubani cha Saynab, ukawa mwekundu. Akaushika kwa koleo, akayeyusha lehemu ya zamani, akaugandisha uzi mahali pake.

Alipobonyeza, sauti ikatoka safi.

"Mashetani nimewafukizia ubani wako, Eddo, wametoka," alimwambia shangazi yake, huku akigeuza spika imwelekee. "Sasa sikiliza."