Kikombe cha Maziwa ya Raya

Dada yangu Hajra haambiliki. Hapa Bagamoyo mwanamke akijifungua, anaitwa yeye amlee mzazi arobaini nzima: amkande kwa maji ya moto, ampikie uji wa pilipili manga, amfundishe kunyonyesha. Sasa mtu kama huyo, daktari kijana atamwambia nini?

Mjukuu wake, Twalha, alizaliwa anahema mbiombio. Tukapelekwa hospitali Dar. Wakamtia mpira mwembamba ubavuni, majimaji ya kifuani yakawa yanashukia kwenye chupa chini ya kitanda. Alipoanza kunyonya, yakageuka meupe. Daktari akatuweka chini, mimi, Hajra na mwanawe Raya, mama wa mtoto. Alisema mafuta ya maziwa yanavujia kifuani na kuyabana mapafu. Kwa wiki kadhaa anywe maziwa maalumu ya kopo tu, mpaka panapovuja pazibe. Ya mama, hata tone, hapana.

"Mtoto anyimwe ziwa la mamake! Makubwa haya!" Hajra akasema tulipotoka nje.

"Dada, wasikilize waliosoma."

Akanisonya.

Raya akawa anakamua maziwa kwenye kikombe ili matiti yasimuume, anampa mamake akayamwage. Siku ya tano chupa ilikuwa karibu kavu. Jamani, tulivyofurahi! Raya alicheka mpaka akalia. Siku ya saba ikajaa tena, nyeupe pepepe. Daktari akauliza kama kuna mtu amempa mtoto kitu. Sote tukakana. Ijumaa asubuhi pumzi zilimshinda Twalha, akafa.

Nikifungasha vitu vyetu nikakuta kijiko kwenye mkoba wa Hajra, kimefungwa kwenye leso, kinanuka maziwa. Nikamtazama.

"Raya akienda kuoga," akanong'ona. "Alikuwa analia njaa, Mwanahija. Ningefanyaje?"

Nilitamani kumzaba kofi. Mpaka leo nina hasira naye, na ni dada yangu, nampenda.

Tulimzika hapa Bagamoyo. Siku ya tatu matiti ya Raya yalijaa yakawa magumu, homa juu. Kazi ya kumfunga kanga kifuani ili maziwa yakauke ni ya Hajra, nani mwingine? Akapiga magoti mbele ya mwanawe, akaizungusha kanga.

"Mama," Raya akasema, "yale maziwa ulikuwa unayamwaga wapi?"

Mikono ya Hajra ikasimama. Mimi nikatazama ukuta.

Raya akavuta pumzi, akainua mikono yake juu zaidi.

"Kaza, mama," akasema.