Gemu Niliyoimaliza kwa Mdomo

Nikikuona unacheka kabla sijaanza, najua umeshasikia habari kutoka kwa shemeji yangu Hafidhi, na ya Hafidhi ina chumvi, kwa hiyo ngoja nikupe ya kwangu mimi niliyevaa aibu ile pamoja na kanzu mpya, siku ya Idi, ukweni Mlingotini, mbele ya mama mkwe na mashangazi ambao mpaka leo wakiniona wanaziba midomo kwa pembe za mitandio.

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Bagamoyo mjini, na watu huja pale na simu zilizoingia maji lakini hukaa kwa ajili ya ubishi. Ubishi mkubwa wakati ule ulikuwa ile gemu ya ujambazi, ile ambayo unazurura mji mzima unaiba magari na kufanya utakalo: ipi bora, ya kwanza au ya pili? Ya kwanza nimeicheza mpaka vidole vikaota sugu. Humo unaiba gari, unagonga nguzo, unagonga watu, polisi wakikufukuza unaingia gereji unabadilisha rangi ya gari unatoka, basi, hakuna anayekujua, hata yule uliyemgonga asubuhi jioni anakupita kama hamjawahi kuonana. Ya pili sikuwa nimeigusa. Nilikuwa nimetazama vipande mtandaoni na kusoma maoni ya watu wenye hasira, na mtu akishasoma maoni ya wenye hasira anahitaji nini tena? Nikajifanya hakimu. Nilisema ya pili wameiharibu: gari linaishiwa mafuta, jambazi akikimbia anachoka, anasikia njaa, na ukimkosea mpita njia anaishika sura yako na kesho anakutafuta. "Mimi nikitaka kutafutwa na watu niliowakosea nabaki nyumbani," nilikuwa nasema, na kibanda kizima kinacheka, na mimi napenda sana kibanda kikicheka.

Sasa tuje kwa Rukia, mchumba wangu. Posa yangu ilikuwa imeshapokewa, bado tarehe ya nikaha tu, na mama yake, Bi Zuhura, mjane mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti (afadhali angekuwa anapandisha), alituita siku ya Idi tule chakula na tarehe ipangwe. Mshenga wangu alikuwa Ba'mdogo Selemani. Wakati wa kupeleka posa nilimwambia aseme kwamba nyumba yangu ya Mapinga imefika kwenye bati, jambo ambalo halikuwa kweli, nitafika huko, na Ba'mdogo, mtu ambaye ukimpa mkeka na wasikilizaji hashikiki, akaipaua palepale, akapiga plasta, akatandika na vigae. Bi Zuhura akanipigia simu kuuliza kama kweli imekwisha. Nikasema, "Nimeimaliza, mama, bado madirisha tu."

Siku ya Idi, njiani, Ba'mdogo akaniusia. "Ukweni ule kidogo, useme kidogo, na kucheka uchekee meno ya mbele." Kula kidogo niliweza.

Tulipomaliza pilau, Ba'mdogo na Bi Zuhura wakabaki ukumbini na halua, wanaizunguka ile tarehe kwa adabu kama wazee wanavyofanya, mara huyu ataje mfungo sita, mara yule aulize mashangazi wa Pangani watafikaje. Mimi nikakaa pembeni na Hafidhi, mdogo wake Rukia, anayesoma chuo Dar. Kijana akaniuliza kwa heshima kabisa, "Shem, nasikia wewe ni mtu wa magemu. Ile ya pili unaionaje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijaicheza. Maneno hayo hayauzwi, mtu yeyote anaweza kuyasema. Lakini kibanda kikaniingia kichwani, nikaegemea mto, nikasema ya pili takataka, ya kwanza ndiyo gemu, na nikaanza kumwaga hukumu zangu zote, mafuta, njaa, wapita njia.

"Ila shem, ya pili ndiyo noma," akasema. "Mwanzo inachosha, mbele inanoga. Uliicheza mpaka mbele?"

"Nimeimaliza," nikasema.

Hafidhi akafurahi, na ninaapa alifurahi kwa moyo safi, akasema yeye amekwama mwezi mzima na hajapata mtu wa kumwonyesha, akaenda chumbani akarudi na mashine, maana alikuja nayo kwa ajili ya likizo. Akaichomeka kwenye runinga ya ukumbini. Nikasema leo Idi, tuwaachie wazee nafasi. Bi Zuhura akasema, "Wacha mcheze, wanangu, na sisi tuone." Mashangazi wakasogeza mikeka. Rukia akasimama mlangoni na trei ya kahawa, ananitazama kwa fahari, na ile fahari ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu nilishindwa kuikatisha.

Nikapewa pedi ya kuchezea. Vitufe vyote vilikuwa vimehamishwa. Kile ambacho kwenye ya kwanza kilikuwa cha kupanda gari, kwenye ya pili ni cha kupiga ngumi, na mtu wangu alikuwa amesimama karibu na bibi mmoja mwenye kapu la machungwa. Nikataka kupanda gari. Bibi akaanguka, machungwa yakatawanyika barabarani, ukumbi mzima ukasema astaghafirullah kwa pamoja. Nikabonyeza tena ili niondoke haraka, nikampiga tena.

"Huyo bibi amekukosea nini, baba?" akauliza Bi Zuhura.

Nikasema ni bahati mbaya, mama, nikakimbia kwa miguu, mtu wangu akachoka hatua chache tu, akainama anahema, na mimi huku kanzu imenigandia mgongoni. Nikakumbuka ujanja wa ya kwanza, nikaingia gereji, nikabadilisha koti na kofia, nikatoka kifua mbele. Nje ya mlango amesimama yule bibi na polisi, ananinyooshea kidole. Mashangazi wakampigia vigelegele. Nikafungwa, nikatoka, bibi yupo. Nikapita njia ya uani, bibi yupo na wajukuu. Wote ukumbini walikuwa upande wa bibi, hata Ba'mdogo, mshenga wangu mwenyewe, nilimsikia akisema, "Mkamate huyo."

"Si umwombe radhi tu bibi wa watu," akasema Bi Zuhura.

Nikacheka kwa meno ya mbele, nikasema mama, hii ni gemu, hakuna radhi humu.

Hafidhi akanigeukia polepole. "Ipo, shem. Kitufe hiki hapa. Huwezi kuvuka hata kipande cha kwanza bila kuomba radhi, ndiyo tofauti yake na ile ya zamani." Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa wewe uliimalizaje?"

Kwenye runinga bibi alikuwa anaokota machungwa yake. Rukia aliweka trei chini. Na Bi Zuhura, ambaye hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akilitazama lile neno la kumaliza, akasema kwa sauti yake ileile ya chini, "Na nyumba ya Mapinga, uliimaliza namna hii?"

Ba'mdogo alikuwa na kipande cha halua mdomoni, akakimeza kizimakizima. Nikasema nyumba ni mambo mengine, mama, tutakwenda siku moja tuione. Akasema, "Gari la kaka yangu liko nje," akaenda kuvaa buibui.

Safari ile sitaki kuisimulia. Njia nzima niliomba mvua, niliomba pancha, niliomba nisahau kiwanja kiko wapi, na kwa kweli kama si Ba'mdogo kuonyesha njia (msaliti yule) ningewapitisha Mapinga tukatokea Dar. Tukafika. Kiwanja kilikuwa na msingi na matofali ya kufika magotini, jirani amepanda mihogo uani, na ndani kuna mbuzi. Mashangazi wakashuka na kanga zao za sikukuu wakaingia kwa mlango, ingawa ukuta ungevukwa popote, na adabu yao ile iliniuma kuliko matusi.

"Chumba cha mwanangu kipi?" akauliza Bi Zuhura.

"Hapo alipolala mbuzi, mama."

Akamtazama mbuzi kwa muda. Rukia alikuwa amebaki garini, uso ameugeuzia upande wa barabara, na hapo ndipo aibu ilipoacha kuwa ya kuchekesha. Nilikaribia dirisha la gari nikamwambia nisamehe, sikuongeza kitu, wala madirisha wala bati. Mama yake ndiye aliyenijibu kwa mbali, huku anakung'uta vumbi kwenye buibui. "Ya kwanza umeimaliza kwa mdomo, baba. Ya pili imalize kwa matofali, ndipo mje tupange tarehe."

Basi, sasa mimi simalizi kitu. Nikiulizwa nimeshiba nasema naendelea, mteja akiniuliza simu yake imepona namwambia aje aione mwenyewe, na kibandani wakianza ubishi wa ya kwanza na ya pili nawaambia sijui, sijaicheza, wananicheka, nawaacha wacheke. Jirani nimemwomba ahamishe mbuzi. Rukia alininyima simu muda mrefu, siku hizi anapiga jioni moja moja, hasalimii vizuri, anauliza tu, "Umefika wapi?" Jana nikamwambia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Akakata simu. Nikapanda juu ya ukuta na simu mkononi, nikampigia tena kwa video, nikaizungusha taratibu chumba kwa chumba, nikamwonyesha na anga, kwa sababu bati bado.