Asnath na Wajawazito wa Titye

Nina hasira, nasema mapema, na asiyetaka kusikia aende zake. Asnath Niyomwungere hakuua mtoto wa mtu.

Ni jirani yangu hapa Titye. Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa. Alikwenda Dar akajifunza kufundisha Pilates, yale mazoezi ya polepole ya kuimarisha tumbo na mgongo huku unapumua kwa mpango. Aliporudi akaomba ukumbi wa kanisa, akaita wajawazito. Tulicheka sisi! Nikamwambia, "Mdogo wangu, mtu kashinda na jembe, wewe unamwongezea mazoezi?"

"Jembe ndilo linalomvunja mgongo, Mama Isack. Njoo uone."

Nikaenda kuona upuuzi, nikarudi kiuno kimetulia. Tangu hapo sikukosa.

Sasa, kwetu mimba haitangazwi. Unaificha mpaka tumbo liseme lenyewe, maana watu wana macho. Asnath analijua hilo, kwa hiyo hakumuuliza mtu. Alituchukulia wote kuwa wajawazito, hata mimi niliyekoma kuzaa zamani! Chali hatukulala, tulilala ubavu, kitenge kimekunjwa katikati ya magoti. Au tuliegemea ukuta, au tukapiga magoti na kushika chini. Kubana pumzi, marufuku. Kusokota kiuno, marufuku. Na kabla ya kuanza alirudia yale yale: ukiona damu, maji yakikutoka, mtoto akipunguza kucheza, usije kwangu, kimbia hospitali.

Aline, mke wa Nduwayezu, alikuja tumbo likiwa limeshakuwa kubwa. Binti mcheshi yule, lakini siku moja aliingia kanyamaza, akakaa pembeni. Asnath akamvuta nje. Mimi nilikuwa mlangoni natandika mikeka, nikasikia kila kitu.

"Dada, natoka damu tangu juzi."

"Nyumbani wanajua?"

Hawakujua. Mimba zake za kwanza zilikuwa zimetoka, na mama mkwe alikwisha kuapa kwamba na hii ikitoka, Aline atafungashiwa virago. Yebaba we! Asnath hakumfanyisha zoezi hata moja. Aliomba gari la mchungaji, wakaenda hospitali Kasulu mjini. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni.

Tulikwenda kumpa pole. Mama mkwe hakungoja hata tukae, akamgeukia Aline.

"Asubuhi ile ulitoka hapa mzima. Umekwenda kwenye mazoezi ya huyu, umerudi mikono mitupu. Sema mbele ya watu, amekufanya nini?"

Aline akamtazama Asnath. Akainamisha kichwa.

"Ni mazoezi, mama. Yalinibana tumbo."

Nikafungua mdomo nimwage mtama wote. Asnath akanifinya mkono, akapiga magoti mbele ya yule mama. "Nisamehe, mama," akasema. Nisamehe! Nusura nipasuke kwa hasira.

Njiani nilimfokea. "Una wazimu? Mbona hukusema kweli?"

"Wazazi wa Aline walisharudi Burundi, Mama Isack. Akifukuzwa pale ataenda kwa nani?"

Wanawake wakaacha kuja mmoja mmoja. Mchungaji akachukua ufunguo wa ukumbi kwa upole, akasema waumini wananung'unika. Asnath siku hizi analima maharage kama sisi wote. Nimemwambia arudi Dar, hataki kusikia. Anasema labda watasahau. Watu wa huku wasahau? Thubutu!

Mwezi uliopita tulimzika Akimana, binti wa watu, mimba yake ya kwanza. Alikuwa darasani kwetu mpaka mumewe alipomkataza. Damu ilianza kumtoka, akaona aibu kumwambia mumewe, akamwogopa mama mkwe, akaenda shamba kupalilia kama kawaida. Zamani angemnong'oneza Asnath. Safari hii hakumwambia mtu yeyote, na walipomkuta huko shambani alikuwa amekwisha kata roho.

Asnath alikuja msibani na kuni kichwani, kama jirani yeyote. Mama mmoja akamwendea, akamwambia kwa adabu kabisa, "Dada, usikae upande huu. Humu kuna wenye mimba."

Akatua kuni zake, akaenda kukaa na wanaume.