Mama Maswali na bomba la alfajiri

"Mwambie sipo!" sauti ya mwanamume inasikika kutoka chumbani.

"Amesema hayupo," mkewe anafikisha ujumbe mlangoni, bila kupepesa macho.

Mgeni anavuta kigoda, anaketi na kupakata kishikwambi chake. "Basi nitamsubiri arudi."

Mara chumbani mtu anapiga chafya.

"Amerudi," mke anasema.

Mgeni huyo ndiye Mama Maswali. Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki tena hapa mtaani. Ni mdadisi wa taasisi moja ya hisani, inayotoa ruzuku kwa vikundi vya wananchi na kufanya utafiti wa sera. Kazi yake ni kubisha hodi, kuuliza, na kutokasirika.

"Wengine wananiona mtu wa kodi, wengine mshenga," anasema. "Bibi mmoja alinijibu kila kitu vizuri, mwisho akaniambia, 'Haya mwanangu, nimekubali. Mwanaume mwenyewe yuko wapi?'"

Hulipwa kwa siku anazofanya kazi, kama miezi saba kwa mwaka. Inayobaki huuza mitumba, na siku nyingine hurudi nyumbani bila hata nauli.

Heshima aliipata kwa bomba la maji. Taasisi ilitoa ruzuku, kikundi cha akina mama kikalijenga. Halmashauri nayo ikaamua lifunguliwe saa nne asubuhi na kufungwa saa tisa, muda ambao akina mama wako sokoni na viwandani. Maji yapo, wa kuyateka hayupo! Wakaendelea kubeba ndoo usiku kutoka kisimani, ng'ambo ya reli, ambako mmoja wao aliteleza akavunjika mguu.

Taasisi ikataka kujua nani hasa huteka maji, na saa ngapi. Mama Maswali akapita nyumba kwa nyumba hadi kwa fundi cherehani mmoja.

"Hapa nani huteka maji?"

"Tunasaidiana," fundi akajibu, kifua mbele.

Mkewe akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Tunasaidiana na nani, baba watoto? Kisima chenyewe unakijua?"

"Nakijua."

"Kiko upande gani?"

Fundi akanyoosha kidole. Akaelekeza kituo cha polisi.

"Nilijing'ata ulimi nisicheke," anakumbuka Mama Maswali. "Kazi hairuhusu kuchukua upande. Nikaandika: mke."

Majibu ya nyumba mia nne yakawa ripoti, na siku halmashauri ilipoijadili, akina mama walijaa ukumbini. Diwani mmoja akapinga bomba kufunguliwa alfajiri, akidai mlinzi wa bomba ni mzee, hawezi kuamka mapema.

"Mlinzi ni mimi," sauti ikatoka viti vya nyuma, "na hakuna aliyeniuliza. Mke wangu anakoroma. Jogoo mwenyewe huamshwa na mimi!"

Ukumbi ukavunjika mbavu, hoja ikapita. Sasa bomba hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri.

Hapo kilio kikahamia kwa wanaume. Saa hiyo wako nyumbani, udhuru hawana. Fundi cherehani hupita na ndoo mbili, akimkwepa Mama Maswali kama anadaiwa.

"Mimi sikumtuma," anajitetea mama huyo. "Mimi niliuliza tu."

Mwakani taasisi itachunguza nani hupika na kulea watoto majumbani. Mama Maswali ameomba usimamizi wa wadadisi, kazi ya mwaka mzima itakayomtoa kwenye mitumba. Akiipata, anataka wadadisi wake wafanyie mazoezi ya kuhoji nyumbani kwake.

"Mume wangu keshaniambia siku hiyo ana safari," anasema.

Ya kwenda wapi?

"Bado anatafuta."