Nilivyombeba Mtunza Stoo kwa Goti Bovu

Jirani wa chini alipanda kuja kuniokoa kutoka kwa mume ambaye sina.

Sitanii. Ilikuwa jioni, amevaa kaptula na fulana ya ndani, mkononi kashika mwiko. Aligonga mlango kama anayetaka kuung'oa.

"Mwache huyo mwanamke," alisema kabla mlango haujafunguka vizuri.

Aliyemfungulia ni mama yangu mzazi, na bakuli lake la maharage aliyokuwa akichambua. Jirani akachungulia juu ya bega lake. Akaniona nimelala chali sakafuni, jasho linanitiririka, mguu mmoja juu ya kiti cha jikoni, begi la mgongoni limejaa vitabu na limenikalia tumboni.

"Nani anampiga?" akauliza.

"Anajipiga mwenyewe," mama akamjibu. "Karibu ukae utazame, hakuna kiingilio."

Maskini, wiki nzima alikuwa anasikia kishindo, halafu mimi naguna, halafu sauti kali inasema "tena", "bado", "hiyo si hiyo, rudia". Ile sauti ilikuwa ya mama.

Basi acha niwaeleze ilikuwaje.

Mimi ni mhudumu wa gari la wagonjwa. Wewe ukipiga simu kwamba baba kaanguka bafuni, mimi ndiye ninayeingia na machela. Kazi hii nimeifanya tangu niko msichana, na sijawahi kuitamani nyingine.

Nilikuwa na mwenzangu wa zamu. Tulimwita Pacha, kwa sababu popote nilipo na yeye yupo. Mimi nilishika upande wa miguuni, yeye upande wa kichwa, na hivyo ndivyo tulivyozeeka pamoja kazini.

Siku moja tulikuwa tunamshusha bibi mmoja kutoka ghorofani. Ngazi nyembamba, ndugu wamejaa juu na chini wanatutazama. Mimi nashuka kinyumenyume, nimegeuza shingo natafuta ngazi inayofuata.

Ghafla dunia ikainama.

Machela ikanijia kwa uzito wote. Nikaikinga kwa bega, nikapiga goti kwenye kona ya ngazi ili bibi asianguke. Bibi hakugusa chini, nashukuru Mungu. Ila goti langu lilipinda upande ambao magoti hayapindi, na bega likachanika ndani.

Nilipopata fahamu hospitali, Pacha alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, macho mekundu.

"Mguu uliteleza, dada," aliniambia. "Pole sana. Goti lilikuachia."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Nilipasuliwa, nikapona nusu. Nikarudi kazini na mkongojo, Mkuu wa kituo akanikalisha kwenye meza ya simu. Kazi yangu ikawa kupokea vilio vya watu na kuwaambia tulieni, gari linakuja. Halafu nalisikia gari likiondoka bila mimi.

Jamani, hakuna kitu kinachouma kama hicho. Nilinenepa, nikawa mkali, nikawa mtu wa kununa bila sababu. Nikipanda ngazi za nyumbani lazima nipumzike katikati, nimeshika ukuta.

Nikamwomba Mkuu nirudi kwenye gari. Akakataa. Nikamwomba tena baada ya muda, akakataa tena.

"Nimeambiwa bado unachechemea," alisema.

"Umeambiwa na nani?"

"Nimeambiwa tu."

Mwisho akachoka na mimi. Akasema kila mhudumu lazima apimwe kwenye ngazi: kushusha machela yenye mtu mzima kutoka ghorofa ya juu ya kituo mpaka chini. Nikiweza, narudi. Nikishindwa, nafasi yangu kwenye gari anapewa mtu mwingine moja kwa moja, na mimi ni wa mezani hadi kustaafu.

Nikasema sawa. Tutaona.

Kwenda kwenye ukumbi wa mazoezi nilishindwa, si kwa sababu ya kitu kingine ila vile vijana vya mule ndani. Nilikwenda mara moja, kimoja kikaniuliza, "Mama, umekuja kumsubiri mtoto?" Nikageuza.

Nikarudi sebuleni kwangu. Nikasukuma makochi ukutani, nikatandika mkeka.

Mtaalamu wa viungo aliyenitibu alikuwa amenipa neno moja tu la kushika. "Ukisikia kisu, acha hapohapo. Ukisikia moto, endelea." Maana yake, maumivu ya kukata ni jeraha linakuonya, ila misuli kuwaka ni misuli inafanya kazi. Mwanzoni sikujua kutofautisha. Kila kitu kilikuwa kisu.

Nilianza kwa kuegemea ukuta na kushuka kidogo, kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti halafu akabadili mawazo. Nilianguka. Nikainuka nikaegemea tena. Kwa ajili ya bega nilifunga mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kwenye kitasa cha mlango, nikawa navuta polepole. Wakati wa kulala chali nainua nyonga, nilikuwa nalia machozi kabisa, nikilitukana goti langu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Msaliti mkubwa wewe," nilikuwa naliambia. "Siku niliyokuhitaji ndiyo uliyoniangusha."

Mama alianza kwa kunicheka.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema siku ya kwanza. "Wewe hata kuinama kwenyewe huwezi. Utapata nini?"

"Nitapata kazi yangu."

Kesho yake akavuta kiti chake karibu na mkeka, akaanza kusema "tena". Mama yangu hajui huruma. Nikisema nimechoka, ananiuliza kama mdomo nao umechoka. Ila siku nilipobadilika rangi kwa kisu cha kweli, yeye ndiye aliyeniwekea barafu, na kesho yake alinikataza kugusa mkeka.

Pacha naye hakuniacha. Kila Jumapili alikuja na mfuko wa machungwa. Anakaa kwenye kochi, ananitazama, anatikisa kichwa.

"Taratibu, dada. Goti si la kuchezea. Kwani mezani kuna ubaya gani?"

Nilimwona ndugu. Mama alikuwa anamtazama tu, anamenya chungwa.

"Huyu mwenzio anakuombea upone au anakuombea ukae?" aliniuliza siku moja baada ya Pacha kuondoka.

"Mama, acha roho mbaya."

"Mimi nimeuliza tu."

Mwezi ukaingia, mwezi ukatoka. Ngazi za nyumbani nikaanza kuzipanda bila kushika ukuta. Kisha nikazipanda na begi la vitabu mgongoni. Tumbo likarudi ndani, mikono ikakaza, gauni la zamani likanikaa vizuri mpaka nikajizungusha mbele ya kioo kama bibi harusi. Yule jirani wa mwiko akawa ananisalimia kwa heshima ya ajabu, nadhani alikuwa ananiogopa.

Siku ya mtihani ikafika.

Wa kubebwa alikuwa mtunza stoo. Sijui nani alimchagua, ila huyu ndugu yetu ana mwili wa kutosha watu wawili na akiba ikabaki. Akajilaza kwenye machela, akafungwa mikanda, akafumba macho.

"Mkiniangusha nitawarudia kwenye ndoto," alisema.

Mkuu akasimama juu ya ngazi, mikono nyuma. Pacha akashika upande wa kichwa. Mimi nikashika wa miguuni, nikatanguliza kisigino nyuma, tukaanza kushuka.

Goti likawaka. Moto, si kisu. Nikaendelea.

Bega likawaka. Nikaendelea.

Tulifika pale ngazi zinapokunja kona, nikahisi machela inatetemeka. Nikadhani ni mimi. Nikaangalia mikono yangu, imetulia kabisa. Nikainua macho.

Ni Pacha. Uso umemlowa, midomo imemkauka, vidole vinacheza kwenye mpini.

"Siwezi," akanong'ona.

"Unaweza. Tuko katikati."

"Dada, siwezi. Ni kama siku ile. Vidole vinaachia."

"Vinaachia vipi? Siku ile niliteleza mimi."

Akatikisa kichwa, machozi yakamtoka.

"Hukuteleza. Mkono wangu uliisha nguvu, nikabadili bila kusema."

Hapa lazima niwaambie kitu. Sisi wabeba machela tuna mwiko wetu ambao haujaandikwa popote. Ukitaka kubadili mkono unasema "nabadili". Mwenzako akishajikaza anajibu "badili". Hapo ndipo unaachia. Bila neno hilo, huachii hata kama mkono unakatika, kwa sababu uzito wote unamshukia wa chini na yeye hajui.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ndugu za yule bibi walikuwa wananitazama. Na wewe mwanamke uko chini, hujachoka. Niliona aibu kusema nimechoka mimi."

Kumbe. Aibu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Miezi yote ile ananiletea machungwa, ananiambia goti langu ndilo lililoniachia. Na palepale nikajua ni nani alikuwa anampelekea Mkuu habari za kuchechemea kwangu.

"Ni wewe uliyemwambia Mkuu nisirudi?"

"Niliogopa tukibeba tena utajua."

"Jamani," mtunza stoo akasema katikati yetu, macho yamemtoka. "Naomba mnishushe kwanza, ndipo mgombane."

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Ningeweza kuweka machela chini pale kwenye kona, nikapiga kelele mpaka kituo kizima kikusanyike. Ningeshindwa mtihani kwa haki kabisa, na kila mtu angenielewa.

Lakini nilijiuliza, nishindwe mara ya pili kwa mkono wa mtu yuleyule? Hapana.

Nikasogeza miguu, nikaingiza nyonga chini ya uzito, nikajikaza.

"Pacha," nikamwambia. "Sema."

"Nini?"

"Sema lile neno."

"Nabadili."

"Badili."

Akaachia mkono mmoja. Uzito wote ukanijia kama siku ile, bega likawaka, mapaja yakawaka, goti likawaka. Na goti halikusogea. Lilisimama pale kama nguzo ya nyumba. Akabadili, akashika upya, tukashuka ngazi zilizobaki mpaka chini, mtunza stoo akafunguliwa mikanda akaenda kukaa peke yake kivulini.

Mkuu alishuka polepole. Alikuwa amesikia yote. Hakumtazama Pacha.

"Jumatatu uko kwenye gari," aliniambia. "Nitakutafutia mwenzako mwingine."

Pacha alinifuata mpaka getini kuniomba msamaha. Nikamwambia siku ikifika nitamsamehe, ila siku hiyo si leo, na asije Jumapili. Mpaka ninapoandika hapa bado haijafika. Sioni haya kusema hivyo.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama. Hakusema "si nilikwambia". Alinyanyuka akaenda kubandika chai.

Mimi nikakaa kwenye mkeka, nikapandisha gauni, nikalitazama goti langu. Lina kovu refu, limevimba kidogo kwa kazi ya siku hiyo. Mwaka mzima nimelitukana. Lilikuwa limemwokoa bibi wa watu, likavunjika likifanya kazi yake, halafu mimi mwenyewe nikaliita msaliti kwa sababu mtu alinong'ona hivyo pembeni ya kitanda changu.

Nikaliomba msamaha. Kwa sauti. Nililia kuliko siku niliyoumia.

Ndugu yangu unayesoma hii, kama una mgongo unaouma, au kiuno, au mguu uliopasuliwa, na watu wanakuambia kaa chini, umri umekwenda: tandika mkeka wako, anza na ukuta. Sikiliza kisu, usiogope moto. Na mtu akikuambia mwili wako ndio uliokuangusha, muulize kwanza yeye siku hiyo alikuwa ameshika wapi.